Mama hataki kamera, lakini usiku anaiuliza simu kuhusu dawa zake

Mpendwa Mshauri,

Tuko watoto watatu, mimi ni wa katikati. Mama yetu ana miaka 76. Baba alishatutangulia, na tangu hapo mama anaishi peke yake kwa hiari yake. Ni mwalimu mstaafu, akili zake timamu, anajipikia, anajifulia, na hesabu zake za mwezi hazihitaji mtu wa kumsaidia. Ana presha ya siku nyingi. Anameza vidonge vya aina mbili, kimoja cha kulegeza mishipa ya damu na kingine cha kupunguza maji mwilini.

Mwaka jana kaka yetu mkubwa, anayeishi mbali, alimnunulia saa janja. Inahesabu hatua, inapima mapigo ya moyo, inakadiria presha, na inatambua mtu akianguka. Taarifa zote zinaingia moja kwa moja kwenye simu ya kaka. Mwanzoni mama aliifurahia. Siku hizi anaivua. Akipanda ngazi na mapigo yakapanda, kaka anapiga: "Mama, unafanya nini?" Akijipumzisha mchana, kaka anapiga tena: "Mbona leo hujatembea?" Mama ameniambia amechoka kutoa maelezo kama mtoto wa shule.

Mwezi uliopita alianguka usiku akienda chooni. Saa ilikuwa kwenye chaji, simu ilikuwa chini ya mto. Alikaa sakafuni mpaka alfajiri, ndipo akajikokota hadi kitandani na kumpigia mdogo wetu anayeishi karibu naye. Hakuvunjika, alichubuka nyonga na kiwiko tu, lakini sote tulitetemeka.

Sasa kaka anataka zifungwe kamera tatu: sebuleni, kwenye korido na chumbani. Zina akili mnemba ya kutambua mtu aliyeanguka, na picha zitahifadhiwa mtandaoni ili sote tuweze kuziona. Mama amekataa katakata. "Siku mtakayoweka kamera chumbani kwangu," alisema, "ndiyo siku nitakayohama." Kaka anasema huo ni ukaidi wa uzee, na kwamba tukimsikiliza tutamzika. Mdogo wetu hasemi neno, ingawa ndiye atakayeamshwa usiku kengele ikilia.

Kuna la pili. Mjukuu wake alimwekea kwenye simu programu ya akili mnemba ya kuzungumza nayo. Kila usiku wanaongea: maandiko, mashairi, habari za dunia, na dawa zake. Juzi alinionyesha mwenyewe kwa furaha, nikaishiwa nguvu. Alikuwa ameiuliza kwa nini anasikia kizunguzungu akiinuka kitandani. Ikamjibu kwamba dawa za presha za aina yake zinaweza kuleta kizunguzungu, na azungumze na daktari. Mama akaacha kidonge kimoja. Daktari hakumwambia, wala sisi. Anasema saa inaonyesha presha yake ni 118 kwa 76, kwa hiyo yuko salama. Mdogo wetu alipompima kwa mashine ya mkanda, ikaja 156 kwa 88. Hatujui tuamini kipi.

Kaka anasema programu ifutwe, kamera ziwekwe. Mama anasema ile programu ndiyo pekee inayomsikiliza bila kumkatiza. Nikiunga mkono kamera nitakuwa nimemsaliti mama. Nikizikataa na akaanguka tena, sitajisamehe. Nifanyeje?

Wa Katikati

*

Mpendwa Wa Katikati,

Pole sana, na utufikishie pole kwa mama. Saa zile za sakafuni zilikuwa ndefu kwake kuliko mnavyoweza kuzihesabu nyinyi.

Mambo mawili yasisubiri kikao cha familia. Muulize mama kama kichwa kiligonga mahali usiku ule, na kama anameza dawa yoyote ya kuzuia damu isigande, hata aspirini ndogo ya kila siku. Kama kiligonga, akaonwe na daktari hata kama anajisikia mzima, na kama anameza dawa hizo asicheleweshwe hata siku moja. Katika umri wake damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu, dalili zikaja wiki kadhaa baadaye: kichwa kuuma, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa, mkono au mguu kulegea. Jambo la pili ni kile kidonge. Daktari au mfamasia anayezijua dawa zake apigiwe wiki hii, aelezwe ni kidonge kipi, kimeachwa tangu lini na kwa sababu gani. Msimrudishie wenyewe kwa kumshurutisha, na asimeze viwili kwa pamoja kufidia siku zilizopita.

Nikirudi kwenye barua yako: umeipanga kana kwamba ina mambo mawili, kamera na programu. Mimi nimeona jambo moja likipita katikati ya yote mawili. Mama anasikia kizunguzungu akiinuka kitandani. Saa haikulisema hilo mwaka mzima ilipokuwa mkononi mwake. Kaka yako hakulijua, ingawa mapigo ya moyo wa mama yalikuwa yakimfikia kila siku. Mmelijua kwa sababu mama aliuliza swali, kisha akakuonyesha alichouliza. Na kama kizunguzungu hicho ndicho kilichomwangusha, kamera tatu zingemwona akianguka, basi.

Mtu akiinuka, damu huteremkia miguuni, na mishipa hutakiwa kukaza mara moja ili ubongo usipungukiwe. Umri unavyosogea, mishipa huchelewa kuitika. Dawa za presha huongeza ucheleweshaji huo, na ile ya kupunguza maji hupunguza pia kiasi cha damu inayozunguka. Hili linapimika nyumbani kwa mashine ya mkanda. Mama alale chali dakika tano, apimwe. Asimame, apimwe tena baada ya dakika moja, kisha baada ya dakika tatu, mkanda ukibaki pale pale na mkono ukiwa umeegemezwa usawa wa moyo. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, daktari anapaswa kuambiwa. Ifanyike asubuhi, kabla hajaanza pilikapilika, kwani mara nyingi mshuko huonekana zaidi wakati huo. Kiti kiwe nyuma yake na mdogo wenu awe pembeni. Macho yakianza kuingia giza, akae hapo hapo na kipimo kiishie hapo.

Mwulizeni daktari pia kidonge cha kupunguza maji kimezwe saa ngapi. Kikimezwa jioni, huenda ndicho kinachomwamsha usiku kwenda chooni, akiwa na usingizi, gizani, na presha imeshuka. Swali hilo moja linaweza kubadilisha usiku wake kuliko kifaa chochote.

Sasa 118 na 156. Kwa leo msiamini hata moja. Saa ya mkononi kwa kawaida haibani mshipa. Hutuma mwanga kwenye ngozi, ikasoma jinsi wimbi la damu linavyopita, kisha ikakisia presha kwa hesabu. Nyingi za aina hiyo hutakiwa kulinganishwa na mashine ya mkanda kila baada ya wiki nne hivi. Zisipolinganishwa, huendelea kutoa namba za kukisia kutoka kwenye kipimo cha zamani. Chama cha Ulaya cha wataalamu wa presha, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, hakikuruhusu vipimo visivyo na mkanda vitumike kuamua matibabu. Ubaya wake ni kwamba namba nzuri huliwaza, na mama alipoliwazwa aliona hana haja ya kumwuliza mtu.

Lakini 156 nayo ni kipimo kimoja, alichopima kijana aliyeingia na hofu kwa mama aliyejua anachunguzwa. Ili namba iwe na maana, nusu saa kabla ya kipimo asinywe chai wala kahawa na asifanye kazi ya nguvu. Aende haja kwanza, maana kibofu kilichojaa hupandisha presha. Akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, miguu isipishane. Mkanda ufungwe kwenye ngozi tupu, mkono ulale mezani usawa wa moyo. Ukining'inia, namba hupanda. Wengi hukosea saizi ya mkanda. Pimeni mzunguko wa mkono, katikati ya bega na kiwiko, kwa futi ya fundi nguo, mlinganishe na sentimita zilizoandikwa kwenye mkanda wenyewe. Ukiwa mdogo kuliko mkono, mashine husema presha iko juu kuliko ilivyo. Apime mara mbili asubuhi kabla ya dawa na mara mbili jioni, akiacha dakika moja kati ya vipimo, kwa siku saba. Ziandikwe zote, hata zisizowapendeza. Vya siku ya kwanza viachwe, vilivyobaki vitafutiwe wastani. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 na kuendelea huhesabiwa kuwa juu, ila kwa mtu wa miaka 76 mwenye kizunguzungu daktari anaweza kumwekea kiwango chake mwenyewe. Nusu ya kazi yake ni kupima lipi la kuogopa zaidi, presha ya juu au mshuko wa ghafla. Wakati wa siku hizo saba namba ikifika 180 kwa 110, apumzike dakika tano apimwe upya. Ikibaki hapo, daktari apigiwe siku hiyo hiyo. Ikiwa pamoja na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, ulimi kuwa mzito au upande mmoja kulegea, aende hospitali wakati huo huo.

Kuhusu programu, naomba uitazame tena. Kwa ulivyoandika, jibu ililompa mama halikuwa la uongo: dawa za aina hiyo huleta kizunguzungu kweli, na ilimwambia amwone daktari. Hatua ya kuacha kidonge ilikuwa yake. Hilo haliifanyi programu kuwa mshauri wa dawa. Programu hizi huunda sentensi zinazoelekea kufuatana, zikasema kwa uhakika ule ule zikipatia na zikikosea. Haijui figo za mama zikoje, haijaona vipimo vyake vya damu, na mara nyingi huelemea upande ambao muulizaji ameonyesha kuupenda. Mwaka 2025 madaktari wa Marekani waliandika kisa cha mwanamume wa miaka 60 aliyeshauriana na ChatGPT, programu ya akili mnemba ya kuzungumza nayo, kuhusu kuepuka chumvi ya kawaida, kisha akatumia kemikali iitwayo sodiamu bromaidi badala yake kwa miezi mitatu. Alilazwa kwa wiki tatu kwa sumu ya bromaidi, akiona na kusikia visivyokuwepo. Muulizaji ndiye anayejua mazingira ya swali lake, na asipoyataja, jibu linaweza kwenda kombo hata kama kila neno lake lina maana mahali pengine.

Ukiifuta, utakuwa umefunga mahali pekee ambapo mama alitaja kizunguzungu chake. Na akitaka, ataifungua tena kwa simu nyingine, safari hii bila kukuonyesha. Njia nyingine ni kumwomba akubaliane nawe juu ya mpaka mmoja: programu imsaidie kuuliza, daktari ndiye aamue. Ana kizunguzungu? Aiombe imwandikie maswali matano ya kumpelekea daktari, kwa maneno mafupi na herufi kubwa. Hana uhakika wa neno kwenye karatasi ya dawa? Aiulize, kisha amsomee mfamasia jibu kwa simu. Kuacha, kuongeza, kupunguza au kubadilisha saa ya dawa kusianzie humo. Mwende pia pamoja kwenye mipangilio ya programu, mzime ruhusa ya mazungumzo yake kutumika kuifundisha programu, na mfute ya zamani asiyotaka yabaki. Jina kamili, namba ya kitambulisho na namba za benki zisiandikwe humo kamwe.

Yapo maneno ya mama ambayo usiyapite haraka: kwamba programu ndiyo pekee inayomsikiliza bila kumkatiza. Huenda kuna hatari ndani yake, kwa kuwa kitu kisichochoka wala kupinga kinaweza kumzoeza mtu kutotafuta watu. Huenda pia mama anawaambieni jinsi simu zenu zinavyosikika upande wake. Wewe unawajua ndugu zako, mimi siwajui. Jaribuni siku chache kumpigia bila kuulizia presha wala hatua, mwone atazungumza nini.

Tuje kwenye kamera. Kaka yako ana hoja, na usiidharau. Mzee akibaki sakafuni zaidi ya saa moja, mambo huanza kuharibika: misuli inayolaliwa huumia na taka zake zikaelemea figo, mwili hupoa, maji hupungua, ngozi huanza kuchunika, na homa ya mapafu inaweza kufuata. Kufupisha muda ule ni kumwokoa mtu. Ninachouliza ni kama kamera hizo zitaufupisha. Mama alikuwa akienda chooni, na chooni hamna kamera. Kamera ya kawaida haioni gizani bila mwanga wa infraredi, ule usioonekana kwa macho. Mtu akidondokea nyuma ya kitanda, kitanda kinamficha. Intaneti ikikatika, au umeme ukizimika bila betri ya akiba, kamera inakuwa pambo. Na akili mnemba ya kutambua kuanguka kwa sehemu kubwa imefundishwa kwa vijana waliojitolea kujiangusha kwenye magodoro maabara, kwa sababu si rahisi kupata picha za wazee wakianguka kweli. Mzee anaweza kuanguka kwa kuteleza taratibu akishikilia ukuta, jambo ambalo mashine inaweza kuliona kama kukaa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 andiko zima la kuonya kwamba akili mnemba ya afya inaweza kuwabagua wazee, wanapokosekana kwenye data na pale teknolojia inapobuniwa bila wao kuulizwa.

Kisha kuna mwili wa mama. Chumbani ndiko anakobadilisha nguo. Picha zikihifadhiwa mtandaoni, mwenye nywila yoyote kati ya zenu anaweza kuziona, pamoja na atakayeiiba. Kaka anaita ukaidi, lakini mtu mwenye akili timamu akikataa kutazamwa akiwa utupu, hajakataa teknolojia. Mama huyu huyu alivaa saa kwa furaha na anazungumza na akili mnemba kila usiku. Anachokataa kinaonekana wazi kwenye barua yako: kuangaliwa na mtu ambaye atampigia kumhoji.

Kati ya kamera na kutofanya lolote kuna nafasi kubwa. Anzeni na saa aliyonayo, kwa kuwa usiku ule iliwashinda kwa chaji tu. Iwekwe kwenye chaji jioni akiwa amekaa sebuleni, ivaliwe kabla ya kulala. Wengi huichaji wakioga au wakilala, yaani saa zile zile ambazo mtu huteleza. Hakikisheni kipengele cha kutambua kuanguka kimewashwa. Angalieni kama saa ina laini yake yenyewe. Kama haina, hutegemea simu iliyo karibu, na simu ikibaki mbali kengele haiendi popote. Wa kwanza kwenye orodha ya dharura awe aliye karibu, si aliye mbali. Na ijulikane kwamba saa hutafuta mshindo na utulivu baada yake, kwa hiyo anguko la polepole inaweza kuliacha lipite. Kwa sababu hiyo, kitufe cha dharura kisichoingia maji, cha kuvaa shingoni au mkononi, bado kina kazi yake: betri yake hudumu miezi, wakati mwingine miaka, na anakibonyeza mwenyewe.

Kuna vihisi vidogo vya mwendo visivyopiga picha, hutambua joto la mwili linalopita. Kimoja pembeni ya kitanda na kimoja mlangoni mwa choo vinatosha kuweka kanuni: akitoka kitandani usiku na asirudi ndani ya dakika 30, ujumbe uende kwa mdogo wenu. Kanuni hiyo haimwambii mtu mama anafanya nini. Kasoro yake ni kwamba mnyama wa nyumbani au mgeni anayelala hapo huivuruga, na betri za vihisi husahaulika. Kuna pia vya rada vinavyofungwa ukutani, hata chooni, vinavyohisi mtu kalala sakafuni bila kuchukua sura yake. Pazia linalopepea au feni vinaweza kuvichanganya, na mpangilio wake unataka subira. Kifaa chochote mtakachokiweka, mjaribu kengele yake mara moja kwa mwezi, simu ya mpokeaji ikiwa kwenye hali anayolala nayo.

Taa ndogo inayojiwasha yenyewe chini ya kitanda na kwenye korido haina akili yoyote, nami ningeifunga kabla ya vyote hivi. Vishikio chooni, zulia lisilotulia liondolewe, na mama akae ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili akichezesha vifundo vya miguu kabla ya kusimama. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anaweza pia kumfundisha kujiinua kutoka sakafuni: kugeuka ubavu, kupiga magoti, kushika kiti kizito. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi kufanya mazoezi ya usawa wa mwili na nguvu siku tatu au zaidi kwa wiki, na hapo programu ya mazoezi kwenye simu inaweza kumfaa kwa kumhesabia na kumkumbusha, ilimradi mazoezi yenyewe yamechaguliwa na mtaalamu baada ya kizunguzungu kuchunguzwa.

Kaka yako anahitaji neno la upole. Mtu aliye mbali hushika namba kwa sababu hana kingine cha kushika. Mwelezeni kwamba mapigo kupanda kwenye ngazi ni moyo ukifanya kazi yake. Kuhusu hatua, utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuata wanawake wenye wastani wa miaka 72. Waliofikisha hatua 4,400 hivi kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko wa 2,700, na faida ilifika ukomo kwenye 7,500 hivi. Zile 10,000 zinazong'ang'aniwa na saa nyingi zilitokana na jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani miaka ya 1960. Kwenye mipangilio ya saa mnaweza kuzima ule mtiririko wa kila kitu na kubakiza tahadhari mbili kwake: kuanguka, na mapigo yasiyo na mpangilio yanayojirudia. Hiyo ya pili ichukuliwe kwa uzito, hasa kwa mtu aliyeanguka. Saa haithibitishi ugonjwa, ila ni sababu ya kwenda kupimwa moyo.

Umesema ukikubali kamera umemsaliti mama, na ukikataa akaanguka hutajisamehe. Pande zote mbili umejiweka wewe kuwa mwamuzi, na mama yuko hai, anasikia, anajua kuhesabu hatari zake. Itakuwaje kikao kikianza kwa swali kwake: "Usiku ule, ulitamani nani ajue, na baada ya muda gani?" Anaweza kukushangaza. Anaweza kukubali kihisi cha korido na kukataa saa. Anaweza kukubali kamera ya sebuleni inayowaka tu akiisha kubonyeza kitufe. Anaweza kukataa vyote, na hapo mtabaki na hatari ambayo ni yake kuibeba, na maumivu ambayo ni yenu. Mwulizeni pia angependa nini siku akili ikianza kuchoka, wakati bado anaweza kusema kwa kinywa chake. Mtakachokubaliana kiandikwe ukurasa mmoja: kinapimwa nini, nani anapokea, atafanya nini akipokea, na tarehe ya kukaa tena, tuseme baada ya mwezi. Mama awe na haki ya kukizima.

Mdogo wenu naye aulizwe, tena faraghani, maana mpango wote unamtegemea yeye aamke. Anaweza kufika kwa dakika ngapi? Ana ufunguo? Akiwa safarini au mgonjwa, nani wa pili? Kengele za bure zikilia mara tatu kwa wiki, ataendelea kuinuka? Hayo asipoyajibu kwa moyo mweupe, kifaa kitalia na hakuna atakayekuja.

Siku ya kumwona daktari, mama aende na paketi zote za dawa, hata za mitishamba na za kununua bila cheti, karatasi ya vipimo vya siku saba, vile vya kulala na kusimama, na yale maswali matano aliyoandikiwa na programu. Ayasome mwenyewe. Nyinyi mkae pembeni mpaka amalize.

Mshauri